Kanuni ya Kiboko

Matiko alikufa mara mbili Jumapili ile, kwanza kwa chui halafu kwa fisi, na hakulalamika. Alilalamika alipomuua kiboko.

"Hapana, bana," alisema, akasukuma dadu katikati ya meza. "Hii kiboko yako ni kondoo."

Vijana waliozunguka meza walicheka. Walikuwa nyuma ya duka la kompyuta na fotokopi mjini Migori, mahali Levis alipoajiriwa, na kila Jumapili alasiri tajiri wake alimwachia ufunguo. Hapo ndipo Levis alipochezesha mchezo alioutunga mwenyewe. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani, mvuvi au mchunga ng'ombe au mchimba dhahabu wa machimbo ya Osiri, Levis anasimulia yanayowakuta njiani, na dadu inaamua nani anapona. Mchezo ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Vijana walikuwa wanaacha mpira wa Uingereza kwa ajili yake, na kijana wa Migori haachi mpira hivi hivi.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye mapigano ya karibu. Levis alikuwa amekaa akampima kila mnyama na kila silaha. Mkuki ni mzuri chui akiwa mbali, lakini akishakurukia kifuani mkuki unakuwa fimbo tu, na hapo mwenye kisu kifupi ndiye mwenye nafuu. Panga linataka nafasi ya kuzungusha mkono. Fisi mmoja hamsumbui mtu mwenye rungu. Wakiwa watatu, omba Mungu. Mnyama akishagusana na mtu, yeye ndiye anayetupiwa dadu kwanza, kwa sababu mnyama hakai kufikiria. Hayo yote wachezaji waliyakubali, na wakifa walikufa wakicheka. Kwa kiboko tu ndiko Levis alikoweka kanuni isiyofanana na nyingine: mtu mmoja akishikwa, na mwenzake mwenye mkuki akabaki ubavuni bila kurudi nyuma, kiboko anakufa. Dadu haitupwi hata mara moja.

"Mimi ni mtu wa Kehancha, ziwa sijui," Matiko akaendelea, "lakini hata mimi nina macho. Mnyama mzito kuliko pikapu, unamdunga na mkuki anakufa? Chui ananing'oa uso, halafu hii inakufa kama kuku? Hiyo si sawa, Levis. Umependelea mtu hapo."

"Kanuni ni hiyo."

"Weka basi dadu ya woga. Kila mtu aitupe kabla hajagusa silaha. Ikikataa, amekimbia. Hapo hata kiboko atakuwa kiboko, na mchezo utakuwa umekaa sawa."

"Mwanamume hatupi dadu ndio ajue kama atakimbia!" Levis akasema, na sauti ilimpanda mpaka mtu wa duka la jirani akachungulia. "Anasimama. Basi. Mwenzake ameshikwa, anasimama!"

Kicheko kikakatika. Matiko alimtazama kidogo, akachukua kofia yake. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani ulikuwa umemtoka.

"Haya. Cheza na kiboko yako," akasema, akaenda zake. Wengine nao wakakumbuka kwamba kulikuwa na mpira.

*

Nyumbani kwa Levis, mtaani Oruba, mkewe Bochaberi alikuwa ameketi kitandani miguu imevimba, anafunga vyombo kwenye kikapu. Mimba yake ilikuwa imefika mahali ambapo kuinama kunataka mipango. Plot nzima ilikuwa imeuzwa, na tajiri mpya alitaka kubomoa. Wapangaji wote waliambiwa mwisho wa mwezi wawe wametoka. Mpango wa Levis na mkewe ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mzuri: wajenge kijijini kwao Levis, Kisegi, upande ule wa Suba Kusini, kwenye ardhi aliyoacha marehemu baba yake. Bochaberi akae huko na mtoto, Levis awe anakwenda na kurudi.

Simu ikalia. Ilikuwa Mama Pauline, mama yake Levis. Akiongea na mwanawe peke yake alitumia Dholuo, lakini simu ikiwa na Bochaberi karibu alitumia Kiswahili, kwa sababu mkaza mwana wake alikuwa Mkisii na hakutaka ajione amesengenywa.

"Bonface amekata nguzo zote," alisema. "Zimekauka, ziko hapa uwanjani. Sabato tunapumzika, Jumapili asubuhi anawatangulia na shoka. Mje Ijumaa."

"Mama, nilikwambia tafuta mtu mwingine."

"Nimtoe wapi? Baba yako alikuwa na ndugu wangapi? Ni Bonface tu. Mtu hajijengei dala lake, boma lake mwenyewe, bila baba, na baba asipokuwepo ni ndugu ya baba. Ukijianzishia mwenyewe, wazee hawatakanyaga huko hata ukifiwa. Watasema umejitafutia chira, laana ya kuvunja mwiko."

"Wewe ni Msabato. Unaogopa chira?"

"Siamini," Mama Pauline akasema. "Lakini sijaribu."

Bochaberi alicheka, akajishika tumbo. Levis hakucheka. Alisema atakuja, lakini shoka hilo Bonface hatalishika, akakata simu.

"Sasa utafanyaje?" Bochaberi akamwuliza. "Mwisho wa mwezi nizalie barabarani?"

"Yule alimwacha baba yangu mdomoni mwa kiboko. Alikuwa na mkuki mkononi, akakimbia. Nitembee nyuma yake kwenda kuanzisha nyumba? Watu wa Kisegi watanionaje?"

Bochaberi alikuwa ameisikia hadithi hiyo tangu siku za uchumba, na kila mara ilisimuliwa kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Alitaka kusema kwamba watu wa Kisegi hawatamlelea mtoto. Akaona uso wa mumewe, akaendelea kufunga vyombo.

*

Walifika Kisegi Ijumaa alasiri. Bonface alikuwa uwanjani anachonga ncha za nguzo, mtu mrefu mkavu, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alipomwona mtoto wa ndugu yake aliweka panga chini, akafuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha. Levis alipita na kikapu kama vile mikono yake ilikuwa na kazi nyingi sana. Mkono ule ulibaki hewani mpaka Bochaberi alipokuja akaushika kwa mikono yake miwili.

"Karibu nyumbani, mama," Bonface akasema. "Safari haikukusumbua?"

"Imenisumbua, lakini nimefika."

Chakula kilipoiva, Mama Pauline aliandaa mezani kwa ajili ya Levis na mkewe, samaki na ugali wa wimbi. Sahani nyingine aliibeba nje, akampa Bonface pale chini ya ukingo wa paa. Bochaberi alitazama hilo, akangoja mtu aseme neno. Tangu mazishi Bonface hakuwahi kuitwa ndani ya nyumba ya marehemu ndugu yake. Alilima shamba la nyumba hiyo, aliziba matundu ya mabati yake, alikata nguzo za mtoto wake, na alikula nje. Yeye mwenyewe aliketi pale kana kwamba alipangiwa na serikali. Mama Pauline hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane tu, na hasira yake haikuwa na mahali pengine pa kukaa.

*

Jumamosi Mama Pauline alikwenda kanisani na nyimbo zake, na kila mtu alijua hatarudi mpaka jua lipungue. Levis alijitandazia mchezo wake juu ya meza. Maneno ya Matiko yalikuwa yanamkera bado. Alikuwa anatupa dadu peke yake, anaandika, anafuta, wakati Bonface aliposimama mlangoni, miguu nje, kichwa ndani.

"Nasikia una mchezo wa wanyama," akasema.

Levis akamgeukia mkewe kwa jicho kali.

"Ni mimi nilimwambia," Bochaberi akasema. "Kwani ni siri? Ingia, Baba. Kaa hapa."

Bonface alitazama kizingiti, akavua viatu, akaingia. Bochaberi akamsogezea kiti kabla Levis hajapata la kusema. Na Levis, nawaambia ukweli, alifurahi. Furaha mbaya ilimjaa. Kwa miaka alikuwa amemweka mtu huyu kwenye mchezo bila yeye kujua, akamshinda kila Jumapili, na sasa ameletwa mwenyewe mezani.

Akachukua punje mbili za maharagwe na kizibo cha chupa. "Huyu ni mtu wa kwanza. Huyu ni mwenzake, ana mkuki. Kizibo ni kiboko. Kiboko yuko kwenye mahindi karibu na ziwa, alfajiri, watu hawa wamekwenda kumfukuza. Amemshika wa kwanza. Wewe ndiye mwenzake."

"Njia ya ziwa umeiweka wapi?"

"Haihusiki."

"Inahusika. Rao, huyu kiboko, hana ugomvi na mtu kama njia yake ya maji iko wazi. Unapiga debe ukiwa mbali, anaondoka. Sisi tulikaa kwenye njia yake. Baba yako Nico alitaka kuokoa mstari wa mwisho wa mahindi, nikamwambia tusogee, akasema bado kidogo. Nikakaa naye."

"Sikuuliza hayo. Kanuni ni hii: ukibaki hapo ubavuni na mkuki wako, kiboko anakufa, mwenzako anapona. Hutupi dadu. Unachagua tu."

Bonface aliliangalia haragwe lake. Bochaberi aliacha kuchambua mboga.

"Nakimbia," Bonface akasema.

"Umenisikia? Ukibaki unashinda!"

"Nimekusikia. Nakimbia."

"Kwa nini?" Levis akapiga meza, punje zikaruka. "Hata ukiambiwa utashinda unakimbia? Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Mtu wa kukimbia," Bonface akasema. "Niliona ule mdomo, Levis. Mkuki ulikuwa hapa mkononi na sikujua kama ni mkuki au ni kijiko. Miguu ilikwenda. Unataka nicheze kama nani? Kama mtu mwingine ambaye hakuwepo?"

Levis alikuwa anahema. Hapo ndipo alipopaswa kuona ameshinda: mshtakiwa amekiri mwenyewe, tena mbele ya shahidi. Akainua mkono kukusanya vitu vyake. "Basi. Ukikimbia umetoka. Mchezo umeisha."

"Mimi sikutoka," Bonface akasema.

Aliliokota haragwe lake sakafuni, akalisogeza kwa kidole, polepole, kutoka kwenye kizibo hadi ukingoni mwa meza kulikokuwa na bakuli la sukari.

"Hapa ni langoni kwetu. Pembeni ya lango pana kibanda cha kijana wa nyumba hii, amefunga shule, ana panga chini ya kitanda. Weka mtu humu ndani."

Levis hakuweka. Bonface akachukua punje nyingine, akaiweka mwenyewe.

"Nilikuwa nimelala," Levis akasema.

"Uliuliza ni nani."

Kuku alipita mlangoni, akaondoka.

"Niligonga kwa ngumi mbili," Bonface akasema. "Ukauliza, ni nani? Nikasema ni mimi, rao amemshika baba yako, toka na panga, tukiwa wawili tutarudi. Nikasikia komeo. Nikashukuru Mungu, nikajua unafungua. Ulikuwa unafunga la pili. Basi nikakimbia mpaka kwa majirani. Tuliporudi, Nico alikuwa ameisha."

Bochaberi alimtazama mumewe. Alingoja akatae, na kwa kweli aliomba akatae. Levis alikuwa anatazama punje iliyo kando ya bakuli.

"Kwa nini hukusema?" hatimaye akauliza, na sauti ilikuwa ya mtu mdogo. "Mama alikuwa Rusinga kwenye matanga. Aliporudi ungemwambia. Wamekuita mwoga miaka yote hii."

"Ulikuwa mtoto wa shule. Wangekumaliza. Mimi walinikuta tayari nimekimbia, kwa hiyo hawakudanganya."

"Ungerudi peke yako ungekufa pia," Levis akasema haraka, akaanza kushika dadu, karatasi, kalamu. "Matiko alisema kweli, uzito wa kiboko haukubali. Tukiweka dadu ya woga, tukaweka na njia ya maji, mtu akibaki anakufa karibu kila mara. Naweza kukuonyesha. Hukuwa na nafasi. Angalia, nikitupa hapa..."

"Acha," Bonface akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatiza. "Usinitengenezee kanuni. Mimi sikukimbia kwa kuwa nimepiga hesabu. Niliogopa. Na wewe uliogopa. Hakuna dadu hapo."

Akavaa viatu vyake, akamshukuru Bochaberi kwa kiti, akarudi kwenye nguzo.

Levis akamgeukia mkewe. "Bochaberi..."

"Usiniambie mimi," akasema. Alikuwa analia na hakujificha. "Mimi mume wangu nimemjua leo, nipe nafasi. Lakini yule mzee amekula nje kwa ajili yako. Mwambie anayempakulia."

*

Jumapili umande ulikuwa bado haujakauka walipotoka. Bonface alishika shoka, Levis alishika jogoo, Bochaberi alibeba makaa kwenye kigae kwa ajili ya moto wa kwanza. Mama Pauline alifuata na kanga mabegani, na nyuma yake majirani, kwa sababu mtu akianzisha dala hata aliyekuwa hajaalikwa anaamka mapema. Levis hakuwa amesema neno. Alikuwa amejiambia ataongea na mama yake baadaye, taratibu, nyumba ikishasimama, mtoto akishazaliwa. Mtu akitaka kuchelewesha jambo hakosi siku nzuri ya kulichelewesha.

Walipofika kwenye kiwanja, Bonface akatangulia mbele, akatafuta mahali pa nguzo ya kwanza.

"Bonface!" jirani mmoja mwenye mdomo akapaza sauti. "Leo usituachie shoka ukatoroka, ee! Hapa hakuna rao, ni panya tu!"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya sana. Kilikuwa kimezoeleka, walikicheka kila harusi na kila matanga. Bonface naye alicheka nao kama alivyofanya siku zote, akainua shoka. Mama Pauline alitazama chini.

"Aligonga mlango wangu," Levis akasema.

Wa karibu ndio waliosikia. Akasema tena, kwa nguvu, na jogoo akaanza kupigapiga mabawa mikononi mwake.

"Siku ile baba alipokufa. Huyu alikuja akagonga mlango wangu, akaniita nitoke na panga turudi. Nilikuwa ndani. Nikafunga."

"Levis, nyamaza," Bonface akasema. "Chukua nguzo."

"Nikafunga makomeo mawili. Halafu nikawaacha mumcheke."

Yule mwenye mdomo aliangalia viatu vyake. Mama Pauline akaja mbele, hatua moja moja, mpaka akasimama mbele ya mwanawe.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho, Mama."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia Bonface."

"Baba yako, nauliza. Ulimsikia baba yako?"

Levis alijaribu kuangalia pembeni, lakini kila upande kulikuwa na watu.

"Nilimsikia," akasema. "Aliita jina langu."

Mama Pauline alitoa sauti ndogo, akajishika mdomo kwa kanga. Bochaberi alitaka kumkimbilia lakini alikuwa na moto mkononi. Watu walisubiri apige mayowe, au ampige kofi, au aamuru wote waondoke na nguzo zao. Kulikuwa na wazee pale ambao tayari walikuwa wanatikisa vichwa, kwamba siku imeharibika.

Mama Pauline akageuka, akamwendea shemeji yake.

"Bonface," alisema. "Chimba. Mke wa mtoto hawezi kusimama hivi na moto siku nzima."

"Mama," Levis akasema, akanyoosha mkono.

"Jenga," akamwambia bila kumtazama. "Ardhi ni ya baba yako, sikufukuzi. Mjukuu wangu atalala hapa. Lakini mkono wako leo siushiki."

Bonface akachimba. Udongo ulikuwa mlaini kwa mvua, shimo likaingia vizuri. Levis alimpa mtu jogoo, akainua nguzo ya kwanza, akaisimamisha shimoni, akaishikilia peke yake ikae wima, huku wengine wakijaza udongo na kuushindilia kwa miguu. Mama yake alibaki upande ule mwingine, karibu na Bonface aliyeanza shimo la pili, anapokea kila jiwe analolitoa.